Poirot wa David Suchet: nani aliua misimu ya mwisho?

Fundi Saa · #1

Wakuu salaam. Tahadhari kabla hamjasogea: humu wauaji watatajwa kwa majina. Ambaye hajaangalia afunge uzi mapema, lawama sitaki.

Hoja yangu. Tamthilia ya runinga ya ITV ya Uingereza kuhusu Poirot, mpelelezi wa vitabu vya Agatha Christie, ilianza Januari 1989 ikaisha Novemba 2013, sehemu 70. Mimi naikata vipande viwili. Cha kwanza sehemu 49, hadi "Murder in Mesopotamia". Cha pili sehemu 21, kuanzia "Five Little Pigs" ya Desemba 2003 hadi "Curtain". Hicho cha pili kimeharibika. Utangulizi wa michoro ya Pat Gavin na saksofoni ya Christopher Gunning ukafyekwa. Rafiki yake Hastings, inspekta Japp na katibu wake Miss Lemon wakatupwa nje. Picha ikawa vyumba vya giza na madirisha yanayowaka ukungu mweupe. Na hadithi zikachokonolewa hadi kukawa na mtawa anayeuza wasichana, kitu ambacho Christie hakukiandika popote katika "Appointment with Death".

Swali: nani alaumiwe?

Kuku wa Kisasa · #2

Nimekaa mstari wa mbele na karanga zangu. Endeleeni.

Kitabu Wazi · #3

Fundi Saa, shtaka la Hastings na Miss Lemon lifute. Fungua vitabu. Christie alimwoza Hastings na kumpeleka Argentina mwishoni mwa "Murder on the Links", 1923. Akawa anamrudisha mara mojamoja, na baada ya "Dumb Witness" ya 1937 hakumwita tena hadi "Curtain". Miss Lemon yumo kwenye vitabu vichache tu. Ni waandaaji wa 1989 waliowabandika hao watatu kila mahali, hata "Murder in Mesopotamia" ambako kitabuni msimulizi ni nesi Leatheran na Hastings hayupo kabisa.

Kwa hiyo kumwacha Poirot na mtumishi wake George, halafu 2006 kumleta mwandishi wa riwaya Ariadne Oliver, aliyechezwa na Zoë Wanamaker, ni kurudi kwenye kitabu. Unachokililia wewe ni mazoea ya runinga.

Sumu Tamu · #4

Jibu la swali la #1 ni jepesi, soma majina yanayopita mwishoni. Hadi "Murder in Mesopotamia" mtayarishaji alikuwa Brian Eastman wa kampuni ya Carnival. Msimu wa 9 ukaja na wakubwa wapya, Michele Buck na Damien Timmer. Hao hao ndio waliosimamia "Marple" ya ITV iliyoanza Desemba 2004, na sehemu ya kwanza tu wakabadilisha muuaji wa "The Body in the Library". Mkono ni ule ule.

Ongeza na hili: Chorion walinunua hisa nyingi za kampuni ya Agatha Christie mwaka 1998, wakataka jina lionekane jipya sokoni. Ukitaka jina lionekane jipya unavunja kwanza sebule ya zamani.

Nahodha wa Nyali · #5

Mimi sina vitabu, nina macho. Yule Mfaransa wa zamani alikuwa anachekesha. Huyu wa mwisho amenuna mwanzo mwisho, anasali, anafoka. Tamthilia nzima imekuwa matanga.

Lulu wa Tanga · #6

Nahodha, Mbelgiji! Angekusikia angekusahihisha kabla hujamaliza sentensi, maana hilo ndilo jambo pekee analolisahihisha katika kila sehemu.

Karani Mstaafu · #7

Salaam wote. Sumu Tamu anaangalia majina, mimi naangalia kalenda, kwa maana kasoro nyingi chanzo chake ni uamuzi mmoja wa 1989: karibu kila hadithi iwekwe katikati ya miaka ya 1930. Vitabu vyenyewe vimetapakaa kuanzia 1920 hadi 1975. Kwa hadithi fupi hakuna tatizo. Matatizo yanakuja ukifikia vitabu vya baada ya vita.

Chukua "Taken at the Flood", kitabu cha 1948. Gordon Cloade tajiri anaoa ghafla, nyumba yake London inapigwa bomu la Wajerumani, anakufa kabla ya kuandika wosia mpya, mali yote inaangukia mjane kijana. Kila kitu kinasimama juu ya bahati mbaya ya vita. Sasa hamishia 1930s. Hakuna vita, hakuna ndege, hakuna bomu. Lakini nyumba lazima ilipuke, la sivyo hakuna hadithi. Na nyumba London haijilipukii, kwa hiyo lazima awepo mtu aliyeilipua. Anayefaidika ni David Hunter. Basi David, ambaye kitabuni ni mjanja anayetumia nafasi iliyojitokeza, kwenye runinga anageuka mtu aliyeteketeza nyumba yenye karamu ndani. Ukishamfanya wa aina hiyo huwezi kumwacha na haiba, na pembetatu yake ya mapenzi na Lynn na mchumba wake Rowley inakosa mizani.

Hapo sioni mwandishi mkorofi. Naona hesabu ya tarehe iliyomlazimisha.

Fundi Saa · #8

Karani, hoja nzuri, ila inakufa kwa mfano mmoja. "Appointment with Death" ni kitabu cha 1938. Hakuna tarehe ya kurekebisha. Na ndiyo sehemu iliyoharibiwa kuliko zote 70. Kalenda gani iliwalazimisha kumleta mtawa?

Mwanahawa · #9

Hiyo sehemu iliyorushwa Krismasi ya 2009 naomba niichambue, watu wanaitukana bila kusema ilipoharibika.

Kitabuni ujanja ni mmoja na ni msafi. Mama Boynton, mwanamke aliyewatesa watoto wake wa kambo hadi hawawezi kupumua bila ruhusa, anakutwa amekufa kwenye kiti chake huko Petra. Kila mtoto ana sababu ya kumuua na kila mmoja anamshuku mwenzake, hivyo kila mmoja anadanganya kuhusu saa aliyomwona mama akiwa hai. Poirot anaahidi ukweli ndani ya saa 24, hana maabara wala polisi wa kumsaidia, ana mahojiano tu. Muuaji ni Lady Westholme, mbunge, aliyejivika nguo za mtumishi wa Kiarabu akamchoma sindano ya digitoksini. Zamani Mama Boynton alikuwa askari jela na huyu mheshimiwa alikuwa mfungwa.

Runinga ikaleta Lord Boynton, ikampa Tim Curry, anachimba Syria kutafuta kichwa cha Yohana Mbatizaji. Hapo Mama Boynton ana mume hai na fedha zake mwenyewe, kwa hiyo lile gereza la familia limepasuka: watoto wanaonekana wanaishi kambini kama watalii. Halafu muuaji akawa Dame Celia Westholme akishirikiana na Dr Gerard, na Jinny, mmoja wa watoto wa familia ile, akawa mtoto wao. Mtawa ameongezwa juu ya hayo yote. Mkimtoa mtawa, hakuna kinachoanguka. Ndiyo maana anaudhi, hana kazi.

Kitabu Wazi · #10

Na tamthilia ilipigwa picha Morocco, jua zuri, majengo mazuri, fedha imeonekana. Tatizo halikuwa bajeti. Aliyeandika ni Guy Andrews, huyo huyo wa "Taken at the Flood" na "The Mystery of the Blue Train". Ukilipanga kundi hili kwa waandishi badala ya kwa miaka utaona mambo: Kevin Elyot aliandika "Five Little Pigs", "Death on the Nile" na "Curtain". Nick Dear "The Hollow", "Mrs McGinty's Dead", "Dead Man's Folly". Hayo si majina ya aibu.

Sumu Tamu · #11

Nick Dear huyo huyo ndiye wa "Cards on the Table". Usimruke.

Kitabu Wazi · #12

Simruki. Nitaitetea nusu yake.

Kitabuni, 1936: watu wanne wanacheza karata za bridge, mwenyeji wao Shaitana amekaa kando ya moto, anachomwa kisu hapo hapo chumbani na mmoja wa hao wanne. Ushahidi ni karatasi za alama tu. Dr Roberts anapandisha dau hadi slamu kuu, yaani ahadi ya kushinda mizunguko yote, kwa makusudi: mwenzake ndiye anayecheza mkono ule, wote wamekodoa macho mezani, yeye karata zake zimelazwa wazi na yuko huru kuinuka. Safi kabisa. Lakini kuna tundu: mtu anachomwa kisu kifuani hata asigune? Runinga ikaliziba, Shaitana alikuwa ametumia dawa ya usingizi. Kwa fundi wa hadithi hiyo ni kazi halali.

Mwanahawa · #13

Wameziba tundu la sindano kwa kufungua mlango. Kwa nini alitumia dawa? Kwa sababu eti alitaka kuuawa! Basi Roberts hakuwa shujaa wa hatari yoyote, alimchoma mtu aliyelala. Kitabu kizima kinasema muuaji huyu ni mtu wa kuthubutu, na Poirot anamkamata kwa tabia hiyo ya uchezaji. Ondoa hatari, umeondoa ushahidi.

Nusu ya pili ya kitabu wakaipindua vilevile: Anne mwizi mwoga anayeua ili asijulikane akawa msafi, na rafiki yake Rhoda akawa muuaji. Superintendent Battle akafutwa, akaja Wheeler.

Kuku wa Kisasa · #14

Hii tamthilia hata madijei wa vibanda umiza wangeishindwa kuitafsiri. Dakika 90 hakuna ngumi, watu wamekaa kwenye makochi, halafu mzee mmoja mwenye masharubu anaongea robo saa. Dijei ataweka wapi "steringi haumwi"?

Lulu wa Tanga · #15

Steringi anakufa "Curtain" bwana Kuku.

Kuku wa Kisasa · #16

Asante kwa kunimalizia utamu.

Fundi Saa · #17

Tahadhari iko #1 mkuu.

Mpiga Mbizi · #18

Wote mnazunguka jambo la kipimo. Kati ya zile sehemu 49 anazozisifia Fundi Saa, 36 ni za dakika 50 zilizotokana na hadithi fupi. Sehemu 21 za mwisho, isipokuwa moja, ni riwaya za takriban dakika 90 bila matangazo. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Hadithi fupi ya Christie ina kurasa chache, mtego mmoja, washukiwa watatu. Kujaza dakika 50 mwandishi LAZIMA aongeze. Mwandishi Clive Exton na wenzake wakaongeza gari la Hastings, majalada ya Miss Lemon, Japp anakula vibaya, Poirot anakagua kama mayai yake mawili yamelingana ukubwa. Ule ucheshi mnaoulilia ulikuwa kijazio, na kijazio kikawa kitamu. Riwaya inataka kinyume: kurasa 250 zikatwe. Kinachokatwa kwanza ni mzaha, kisha washukiwa wanaunganishwa wawili kuwa mmoja, kisha vidokezo. Kidokezo kikikatwa, kikao cha mwisho sebuleni kinageuka mazingaombwe.

Tazama "Orient Express" ya 2010. Abiria wote hawakuenea, wakamfuta abiria Hardman. Lakini majeraha ya maiti, moja kwa kila muuaji, lazima yabaki 12, hivyo Dr Constantine akaingizwa kundini mwa wauaji. Hesabu imetimia, sivyo? Ila kitabuni Constantine ni mtu wa nje, na ndiye anayesema kifo kilitokea kati ya saa sita usiku na saa nane. Ukimfanya mmoja wao, ushahidi wa kitabibu wote umechafuka. Kukata mtu mmoja kumegharimu nguzo.

Nahodha wa Nyali · #19

Mpiga Mbizi umesema vizuri, ila "The ABC Murders" ya 1992 ni riwaya ndefu na ni tamu, na Hastings yumo na yule mamba wake aliyekaushwa. Kumbe inawezekana riwaya na mzaha vikae pamoja.

Mpiga Mbizi · #20

Inawezekana kwa sababu "ABC" ni riwaya iliyojengwa kama hadithi fupi tatu zilizofuatana: Andover, Bexhill, Churston. Kila mji una mwili wake na mahojiano yake, unapunguza kila kituo bila kuvunja mnyororo. Halafu kitabuni Hastings yumo, ndiye msimulizi. Jaribu hilo kwenye "The Hollow".

Karani Mstaafu · #21

Na tusiwe na kumbukumbu ya kuchagua. Hizo sehemu 49 "safi" zilichokonolewa vilevile. "Dumb Witness" ya 1997 ilihamishiwa ziwa Windermere ikapewa boti ya kuvunja rekodi ya kasi ambayo kitabuni haipo. "Hickory Dickory Dock" ni kitabu cha 1955 kuhusu hosteli ya wanafunzi London baada ya vita, yumo Akibombo kutoka Afrika Magharibi, Elizabeth Johnston wa Jamaica, Wahindi, Mmisri. Runinga ya 1995 ikaihamishia 1936, ikaweka maandamano ya Jarrow, ya watu wasio na kazi, kama pazia la nyuma, na wanafunzi hao wote wakafutika. Kalenda ile ile niliyoisema #7, miaka 8 kabla ya wakubwa wapya wa Sumu Tamu.

Lulu wa Tanga · #22

Hilo la Akibombo sijawahi kuona watu wakililalamikia kama wanavyolalamikia saksofoni.

Mzee wa Dirisha · #23

Nachelewa lakini nafika. Mpaka wa 2003 haupo. Kuanguka kulianza Januari 2000 na "The Murder of Roger Ackroyd", na hapo ndipo Sumu Tamu anakwama, kwa sababu mtayarishaji bado ni Eastman na mwandishi ni Clive Exton yule yule mnayempigia makofi.

Kitabu hicho nguvu yake yote ni kwamba Dr Sheppard ndiye anayekisimulia, na ndiye muuaji. Hadanganyi, anaruka dakika chache tu. Kamera haiwezi kuruka namna hiyo: ikimfuata mtu mlangoni, watazamaji wanauliza kwa nini imekata pale. Exton akajaribu njia ya Poirot kusoma shajara ya muuaji kwa sauti tangu mwanzo, bila kumtaja. Kwa hiyo tunajua kuna shajara, tunajua mwenye shajara ana kiburi, na katika kijiji kile wenye kalamu ya namna hiyo ni wangapi? Kisha mwisho ukawa wa kufukuzana na bastola kiwandani. Kiwandani! Hicho ni kitabu cha watu kukaa na kunywa chai.

Sumu Tamu · #24

Sehemu moja mbovu haifuti hoja. 2001 Eastman huyo huyo akatoa "Evil Under the Sun" ya Anthony Horowitz, hoteli ya Burgh Island yenyewe, Hastings na mgahawa wake wa Kiargentina, ikawa burudani kamili.

Mzee wa Dirisha · #25

Na Buck na Timmer wakatoa "Five Little Pigs" mara yao ya kwanza kabisa. Wewe unahesabu zipi?

Mwanahawa · #26

Hapo kwenye "Five Little Pigs" nami ningesimama. Angalieni kidokezo kimoja tu. Amyas Crale amekufa kwa koniini. Mlezi, Miss Williams, alimwona mke wake Caroline akifuta chupa ya bia kwa leso halafu akibana vidole vya maiti juu yake. Inaonekana kama mtu anayeficha hatia. Lakini sumu ilikutwa kwenye glasi, chupani haikuwemo. Muuaji angejua afute nini. Caroline alifuta kitu kisichohusika kwa kuwa alidhani mdogo wake Angela ndiye aliyefanya, akataka kumkinga. Sehemu ile inatuonyesha tendo lile wazi, mchana, na bado hatulioni hadi Poirot aliseme.

Na wamebadilisha mambo pia. Kitabuni Caroline anafia gerezani, hapa ananyongwa. Philip Blake kitabuni alimtamani Caroline, hapa moyo wake uko kwa Amyas. Badiliko la kwanza linaongeza uzito wa kosa la mahakama, la pili linaeleza chuki yake bila kuhitaji maneno mengi. Yote mawili yana kazi.

Fundi Saa · #27

Sikatai, "Five Little Pigs" ni nzuri. Moja kati ya 21.

Kitabu Wazi · #28

Moja? "After the Funeral" je? Monica Dolan kama Miss Gilchrist. Alijifanya Cora, mwajiri wake, siku ya mazishi, akajifunza mkao wa kichwa chake mbele ya kioo, kwa hiyo kichwa kikainamia upande usio wake. Helen anahisi kuna kitu hakikukaa sawa na hajui ni nini. Halafu yale maua ya nta juu ya meza ya malakiti, aliyataja ilhali kama Miss Gilchrist hakuwahi kukanyaga nyumba ile. Vyote vimebaki. Na sababu ya kuua ni duka dogo la chai alilolipoteza. Dolan akilieleza lile duka, sura inang'aa kwa furaha, unaogopa.

"Mrs McGinty's Dead" nayo imo. "Three Act Tragedy" na Martin Shaw pia, ingawa mhusika Satterthwaite kaachwa.

Karani Mstaafu · #29

Labda tukubaliane tunapimaje, maana kila mtu ana fimbo yake.

Mimi nafanya hivi. Nasoma kitabu kwanza, naandika ujanja wa muuaji kwa sentensi moja. "Alijifanya mtu aliyekwisha kufa." "Alipandisha dau ili awe huru kuinuka." Kisha naangalia sehemu na kuuliza kama sentensi ile bado ni kweli. Baada ya hapo narudisha nyuma kutoka kikao cha mwisho: kila anachokitaja Poirot, nakitafuta kilionyeshwa wapi. Kama hakikuonyeshwa, mtazamaji ameibiwa. Mwisho nachukua kila kilichoongezwa na kukitoa kichwani, nione kama kuna kinachoporomoka, kama Mwanahawa alivyofanya kwa mtawa #9.

Kwa kipimo hicho "Elephants Can Remember" inafeli kwa namna ya ajabu. Kesi ya zamani, mke mwenye mawigi manne na mbwa aliyempenda bibi wake halafu akaanza kumng'ata, inajitosheleza. Wakamwongeza baba yake Dr Willoughby kuuawa kwenye bafu la matibabu ili kuwe na mwili mpya. Ukimtoa, kesi ya zamani haitikisiki hata kidogo. Ila naelewa kwa nini walimweka: kitabu cha 1972 ni watu wazee wanakumbuka mambo wakinywa chai, na runinga inaogopa chai.

Mpiga Mbizi · #30

Kipimo chako kinaiua "The Big Four" moja kwa moja. Kitabu cha 1927 kina njama ya kutawala dunia. Runinga 2013 ikasema njama haipo, ni mchezo wa mwigizaji mmoja, Claud Darrell. Sentensi yako ya kwanza tayari ni uongo.

Karani Mstaafu · #31

Na bado ni bora kuliko kitabu. Kipimo kinaonyesha umbali. Utamu unaupima kwa ulimi.

Nahodha wa Nyali · #32

Na humo wote watatu wamerudi! Hastings, Japp, Miss Lemon. Wamevaa nguo za msiba lakini wamerudi.

Lulu wa Tanga · #33

Mark Gatiss na Ian Hallard waliiandika hiyo. Gatiss ndiye pia wa "Cat Among the Pigeons" na "Hallowe'en Party".

Turudi kwa "Orient Express", kwa maana Nahodha #5 alilalamikia sala na kufoka. Filamu ya 1974 iliishia kwa shampeni na kugonganisha glasi. Ya 2010 inaanza na askari anayejiua mbele ya Poirot baada ya kukemewa, kisha mwanamke anapigwa mawe Istanbul, kisha treni inakwama na joto linazimika. Poirot anapojua abiria wamehukumu na kuua, anafoka kuhusu sheria, na mwisho anatembea thelujini na rozari mkononi, analia. Poirot ni Mkatoliki tangu kitabuni, hakuna aliyebuni hilo. Lililobuniwa ni kwamba dini ile imgharimu kitu.

Fundi Saa · #34

Imgharimu, sawa. Lakini kitabuni anatoa suluhisho mbili, anamwachia Bouc wa kampuni ya treni na daktari wachague, anastaafu kesi kwa mstari mmoja. Ule wepesi ndio ulikuwa na makali. Kumliza ni kumfafanulia mtazamaji ahisi nini.

Mzee wa Dirisha · #35

Au ni kuandaa "Curtain". Katika "Curtain" Poirot mwenyewe anamuua Stephen Norton kwa sababu sheria haiwezi kumgusa, risasi katikati kabisa ya paji la uso, kisha anaacha dawa zake za moyo makusudi. Mtu aliyewafokea abiria 2010 kwa kujichukulia sheria mkononi anafanya lile lile 2013. Bila hasira ya treni, kifo cha Styles, nyumba ya "Curtain", ni ujanja wa kitabu tu.

Sumu Tamu · #36

Hapo unawapa waandaaji akili ambayo hawakuwa nayo. Waandishi ni wawili tofauti, Stewart Harcourt na Kevin Elyot, na baina ya hizo mbili kuna "The Clocks", ambako wapelelezi wa vita baridi wa kitabu cha 1963 waligeuzwa wa Kijerumani huko Dover. Upinde gani huo wenye Dover katikati?

Mzee wa Dirisha · #37

Suchet alikuwa mmoja. Alikuwa na orodha ya tabia 93 za Poirot tangu siku za mwanzo. Mwandishi anaweza kubadilika, mwili ule ule unabeba.

Nahodha wa Nyali · #38

Na ndiyo maana "Curtain" inaumiza. Ilikuwa kazi ya mwisho, uchovu ule ni wa kweli, mtu anaaga.

Kitabu Wazi · #39

Nahodha, "Curtain" ilikuwa ya mwisho kurushwa, 13 Novemba 2013, lakini katika msimu ule ndiyo ilipigwa picha ya kwanza. Suchet alipunguza uzito kwa ajili yake, kisha akarudi kwenye mwili wa kawaida. Ya mwisho kupigwa ni "Dead Man's Folly", nyumbani kwa Christie mwenyewe, Greenway kule Devon. Kwa hiyo anapokufa Styles bado ana sehemu nne mbele yake za kucheza. Uchovu ule ni uigizaji.

Nahodha wa Nyali · #40

Basi ni mwigizaji hatari zaidi ya nilivyodhani. Bado nasema matanga.

Kuku wa Kisasa · #41

Kwa hiyo wamefanya vitabu vyote vya Poirot? Maana kila tangazo linasema "kazi zote".

Mpiga Mbizi · #42

Riwaya zote, ndiyo. Hadithi fupi, karibu. "The Lemesurier Inheritance" haikupata sehemu yake, na mchezo wa jukwaani "Black Coffee" wa 1930 haukuguswa. Na "The Labours of Hercules" usiihesabu kwa roho safi: hadithi 12 za kitabu cha 1947 zimechanganywa kwenye hoteli moja ya milima ya Uswisi. Kwa mfumo wa 1989 zingekuwa sehemu 12 za dakika 50. Hapo ndipo mimi naona hasara kubwa kuliko mtawa wenu.

Mwanahawa · #43

Hata Countess Rossakoff aliyemo ni Orla Brady, wakati wa "The Double Clue" ya 1991 ni Kika Markham. Poirot anamkumbuka mwanamke ambaye mtazamaji hajawahi kumwona.

Lulu wa Tanga · #44

Bwana Kuku, kama kweli unataka kuanza, anza na "The Adventure of the Clapham Cook", ndiyo ya kwanza. Kisha "Wasp's Nest", "The ABC Murders", "Five Little Pigs", "After the Funeral", "The Clocks", "Curtain".

Sumu Tamu · #45

Toa "The Clocks" hapo, weka "Hercule Poirot's Christmas" ya 1995.

Lulu wa Tanga · #46

"The Clocks" inabaki. Aone na Dover.